Bwana Gundi na Kadi ya Kitabu cha Nyuki

Nyamazeni! Nyamazeni nyote mlioketi na mliosimama, enyi wapiga mihuri na wafagia vyumba, enyi washika chaki na wabeba madaftari. Na wewe uliyejiegemeza mlangoni na kikombe chako cha chai, ama ingia ndani ama toka nje, maana habari ninayoileta haisikilizwi kwa sikio moja. Sikuja kusimulia vita vya wafalme. Wafalme wana watu wao wa kuwasemea. Nimekuja kusimulia asubuhi moja ya Ijumaa, katika shule yenye vyumba kumi na vinne na mashine moja tu ya fotokopi, ambapo mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alipiga goti sakafuni, akatenda tendo lisilozidi urefu wa pumzi moja, na dola nzima ya elimu ikasimama wima tena. Atakayecheka acheke sasa hivi kabla sijaanza, kisha ashike adabu.

Shujaa wetu aliitwa Bwana Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake limo katika vyeti vyake, na huko likae. Hili la Gundi alilipata kwa jasho, kwa kuwa alikuwa msaidizi wa maktaba kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna kitabu kilichovunjika mgongo kikafa mikononi mwake. Ndiye Mfufua Majalada, Mlinzi wa Kurasa, Adui wa Mchwa na wa kila mtoto anayekunja pembe ya ukurasa. Silaha zake zilikuwa chupa ya gundi, brashi iliyobakiwa na nywele tisa, na ufunguo wa maktaba, ambao aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, kazini na nyumbani, juu ya fulana na chini ya shati. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa akimwambia, "Baba Mapacha, siku nikikuacha nitauandikia barua huo ufunguo kwanza, wewe utapata nakala."

Lakini sikilizeni jambo lililomkaa kooni. Miaka sita yote hiyo Bwana Gundi alikuwa kibarua. Hakuwa na mkataba. Kila muhula ulipofunguliwa alisimama mbele ya ofisi na wenzake, akaambiwa, "Njoo kesho, tuone." Akaja kesho, wakaona, akafanya kazi muhula mzima, kisha wakaanza kuona upya.

Ikawa Jumatatu ya juma lile, ubao wa matangazo ukabandikwa karatasi, na karatasi ile ikatangaza vita. Shule itatoa mkataba mmoja, wa miaka miwili, kwa msaidizi mmoja, atakayesimamia maktaba, maabara na chumba cha nakala kwa pamoja. Watakaokosa wataendelea kuwa vibarua chini yake. Na mstari wa mwisho ulisema hivi, nami naunukuu neno kwa neno ili msije mkadhani naongeza chumvi: "Funguo zote zitakabidhiwa kwa atakayeteuliwa."

Bwana Gundi alipousoma mstari ule, mkono wake ulikwenda wenyewe kifuani. Maneno ya mkataba, ya likizo, ya barua yenye nembo ya shule, yote aliyasikia kwa mbali. Aliona tu mkono wa mtu mwingine ukifungua mlango wa maktaba yake, na aliogopa, ndugu zangu. Aliogopa kama mtoto, na sioni aibu kulisema hilo kwa niaba yake.

Wapinzani wake walikuwa wawili, na wote wawili ni majabari. Wa kwanza ni Mama Maabara, Malkia wa Mirija ya Kioo, mwanamke wa mabega mapana na kicheko kipana zaidi, aliyepigana na tindikali kwa miaka minane akiwa ndani ya koti jeupe aliloachiwa na mwalimu aliyehama. Alikuwa shoga wa mkewe Bwana Gundi tangu usichana wao, kwa hiyo alimwita shemeji. Wa pili ni Chapchap, bwana wa chumba cha nakala, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, Mfalme wa Stepla, asemaye maneno mia moja kabla mwenzake hajakohoa.

"Mkataba mmoja kwa watu watatu!" akanguruma Mama Maabara mbele ya ubao. "Jamani, hawa wanataka tugawane au wanataka tuuane? Nami nawatangazia mchana kweupe, bila kumung'unya, hii kazi naitaka! Atakayenizuia ajue nimeshazoea vitu vinavyochemka."

"Mama, ushindani ni afya, tusiwekeane kinyongo, mshindi apeane mkono na walioshindwa," akasema Chapchap kwa pumzi moja, huku akinakili tangazo lote kwenye kiganja chake.

Bwana Gundi aligeuka, akaondoka. Alikwenda maktaba akajifungia.

Tangu siku ile watu watatu waliokunywa chai pamoja kwa miaka walianza kuinywa wakiwa wamepeana visogo. Barua zilitakiwa nakala tatu tatu, zilizochapwa kwa mashine. Za mkono hazipokelewi. Zifike dirishani kwa karani kabla ya saa nne kamili asubuhi ya Ijumaa, na karani yule alikuwa mwanamke ambaye inasemekana aliwahi kumfungia dirisha baba yake mzazi. Juma lote ile mashine ya fotokopi, ambayo ndiyo pia ya kuchapia, ilikuwa ikichapa mitihani, na Mwalimu Mkuu alikuwa amepiga marufuku karatasi ya mtu binafsi kuingia mle mpaka Ijumaa yenyewe. Hivyo kila mmoja alizunguka na barua yake ndani ya flashi, Mama Maabara katika mfuko wa koti, Chapchap ndani ya soksi.

Sasa nitawaambia siri ya ile mashine, na mnaojua sura yake mtanielewa.

Miaka miwili nyuma iliugua. Ukiipa karatasi kumi, inatafuna saba, mbili inazikunja, moja inakurudishia ikiwa nyeusi tii. Mafundi walikuja mara tatu na mabegi yao, wakaifungua, wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Ndipo alfajiri moja Bwana Gundi, akiwa peke yake anatoa nakala za lebo za vitabu, aliinama akaona kitu ambacho mafundi hawakukiona: trei ya karatasi imelala kidogo upande wa kushoto. Akatia kipande cha boksi chini ya kona, kikawa kinene mno. Akatia karatasi, ikawa nyembamba mno. Akajipapasa mfuko wa shati, akakuta kadi moja ya kuazima vitabu.

Kadi ile ina habari zake. Ilikuwa ya kitabu cha kufuga nyuki, chenye picha za rangi, na aliyekiazima alikuwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, miaka mitano iliyopita, kwa wiki mbili. Jina lake lilikuwa pale, kwa mwandiko wake. Mara tatu Bwana Gundi alikuwa ametoka maktaba na kadi ile mfukoni, amepiga moyo konde, amefika mpaka mlangoni pa Mwalimu Mkuu, na mara tatu amegeuka. Wewe ungeweza? Kibarua anayeambiwa "njoo kesho, tuone" amwendee mwenye kuona, amwambie rudisha kitabu? Basi kadi ikabaki mfukoni ikilainika kwa jasho lake, na alfajiri ile aliikunja mara mbili, akaisukuma chini ya kona ya kushoto. Mashine ikapona kabisa.

Hakumwambia mtu ila mkewe. Nisiwadanganye kwamba ni kwa sababu ya unyenyekevu. Alikuwa akingoja kuulizwa. Akangoja miaka miwili, na hakuna aliyeuliza.

Hatimaye ikaja Alhamisi alasiri, karatasi ya mwisho ya mtihani imeshatoka. Bwana Gundi anapita nje ya dirisha la chumba cha nakala, akasikia sauti ya Chapchap ikimwambia Mama Maabara, "Mimi barua yangu ina jambo moja tu kubwa. Nimeandika, niliikarabati mashine ya shule kwa mikono yangu, baada ya mafundi watatu kushindwa. Hii mashine, Mama, inanisikiliza mimi tu."

Lo! Damu ilimpanda Bwana Gundi mpaka ikafika kwenye miwani. Akasubiri wawili wale waondoke, akaingia chumbani kwa nyayo laini, akaingiza vidole vyake chini ya trei, akaing'oa ile kadi kama jemadari ang'oaye bendera ya adui. Akaitia mfukoni. Akafunga mlango. Akaenda nyumbani kifua mbele, na njiani alipiga mluzi.

Wakati wa chakula cha jioni mkewe akamuuliza, "Barua yako umeshaichapa?"

Kijiko kilisimama katikati ya safari yake. "Barua ipi?"

"Ya maombi, Baba Mapacha. Ile niliyokukuta umeandika 'kwa unyenyekevu mkubwa' mara nne, nikakufutia tatu."

"Nitaichapa kesho asubuhi."

"Kwa mashine gani?"

Hapo Bwana Gundi akaweka kijiko chini. Mkono wake ukapanda polepole mpaka mfuko wa shati, ukatulia juu yake. Mkewe aliutazama ule mkono, akautazama uso, na kwa kuwa alikuwa ameishi na uso ule miaka kumi na tisa, akafahamu. "Umeing'oa?"

"Nimeing'oa."

"Kabla hujachapa ya kwako?"

"Kabla."

Fundi cherehani akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta macho kwa upindo wa nguo, akaanza tena. "Mume wangu! Mtu anakata kitambaa akiwa amekivaa!" Kisha akamtazama yule mwanamume aliyekuwa ameinamia sahani, akasogea akamkalia karibu. "Sikiliza. Kesho uwahi. Fanya utakalofanya, omba radhi kwa utakayemwomba, lakini usiniletee hapa shingo tupu. Nakujua. Ukiukosa huo ufunguo utakaa hapa uniangalie nikishona mpaka tuzeeke."

Asubuhi ya Ijumaa ikapambazuka, na shujaa akatoka. Alianzia duka la kuchapisha lililo mkabala na geti la shule, kwa tumaini jembamba. Mlangoni palining'inia kipande cha boksi kilichoandikwa, "Nimetoka kidogo, narudi sasa hivi." Kilikuwa kimening'inia pale tangu Jumanne. Printa ndogo ya karani ilikuwa haina wino tangu muhula uliopita. Ikabaki ile mashine.

Nia yake ilikuwa apenye peke yake, airudishe kadi, achape, aing'oe tena. Nia mbaya, naijua, msinikodolee macho, mimi nasimulia tu. Lakini alipofungua mlango alikuta uwanja wa vita umeshajaa. Chapchap alikuwa amekaa sakafuni tangu saa kumi na mbili na nusu, amezungukwa na skrubu, vifuniko na karatasi zilizotafunwa, wino mpaka kwenye nyusi. Mama Maabara alikuwa akiipepea mashine kwa faili, kana kwamba imezimia.

"Shemeji, tumekwisha!" akalia. "Jana jioni ilikuwa nzima, leo imekuwa fisi! Tumeibembeleza, tumeisuta, nimeipiga kofi la kirafiki na la kweli. Imetafuna barua yangu mara sita, na kila mara inaanzia kwenye jina langu!"

Bwana Gundi akabaki mlangoni. Kadi ilimchoma kifuani, kando ya ufunguo. Aliona wazi shida yake ilivyosimama: akipiga goti na kuitia ile kadi, kweli mbili zitatoka kwa wakati mmoja, kwamba ndiye aliyeiponya mashine miaka miwili iliyopita, na kwamba ndiye aliyeiua jana. Alitafuta namna ya kuitoa moja na kuiacha nyingine ndani. Hakuipata.

"Mmejaribu kuizima na kuiwasha?" akauliza kwa sauti ya mtu mwingine.

"Mara kumi na moja," akajibu Mama Maabara. "Ukiwa na shauri jingine kama hilo, kaa nalo."

Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Chapchap aliifungua mashine, akaifunga, zikabaki skrubu mbili ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Nje kengele ililia, madarasa yakaingia, madarasa yakatoka. Bwana Gundi alisimama pale pale, akisafisha miwani iliyokuwa safi. Saa tatu na nusu, Chapchap, Mfalme wa Stepla, aliweka bisibisi chini na kuegemeza kichwa chake kwenye mashine. Na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alisema polepole.

"Wakubwa zangu, nisikilizeni. Mimi sijui chochote kuhusu hii mashine. Sijawahi kuitengeneza. Asubuhi moja niliikuta imepona yenyewe, nikangoja mtu aseme ni yeye, hakusema, watu wakaanza kunisifu, nikawaachia wanisifu. Imefika mahali hata mama yangu anajua kwamba mimi ni fundi wa mashine. Nimemwambia leo narudi na mkataba. Sasa narudi na nini?"

Hasira ya Bwana Gundi, ile aliyoilalia usiku kucha, ikatafuta pa kukaa isipapate. Alimtazama yule mtu mzima mwenye wino kwenye nyusi, akaona haya, haya kabisa, mpaka masikio yakamwaka moto.

Enyi mnaosikia, kaeni sawa sasa! Wewe wa mlangoni, shusha kikombe! Hapa ndipo palipo tendo lenyewe.

Bwana Gundi, Mfufua Majalada, alivua miwani akaivaa tena. Akaingiza vidole viwili katika mfuko wa shati, mahali penye siri ya miaka miwili, akaitoa kadi, laini, iliyokunjwa mara mbili, yenye rangi ya chai. Akapiga goti la kulia. Goti likalia. Akapiga la kushoto. Akalala kifudifudi juu ya karatasi zilizoanguka vitani, akanyoosha mkono wake gizani, chini ya trei, penye vumbi la wino na pini za tangu enzi za mwalimu mkuu aliyepita. Vidole vikapapasa, vikapata kona, ile ya kushoto, vikainua kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, na kadi ikaingia. Ikakaa. Akasema, akiwa bado sakafuni, "Washa."

Chapchap akawasha. Mashine ikakohoa, ikanguruma, ikavuta karatasi moja, na karatasi ile ikatoka upande wa pili, nyeupe, imenyooka, ina maneno mahali pa maneno.

Ndipo Bwana Gundi akainuka, vumbi mpaka kwenye ndevu, akatoa hotuba yake. "Ndugu zangu. Mkono ulioiponya mashine hii miaka miwili iliyopita ni huu hapa. Na mkono ulioiua jana jioni, saa kumi na dakika ishirini, ni huu huu. Nilisikia sifa zangu zikivaliwa na mtu mwingine, nikapandwa na wazimu. Niliwafungia njia, nikajifungia na mimi mwenyewe. Nimesimama hapa saa mbili nzima nikiwatazama mnahangaika, na dawa iko mfukoni. Nisameheni. Kama hamwezi kunisamehe, basi kwanza chapeni barua zenu, mnichukie baadaye, maana ni saa nne kasoro robo."

"Shemeji!" akasema Mama Maabara. "Shemeji, wewe!" Akamtandika faili la begani, pa! "Hilo ni la jasho langu." Akamtandika la pili. "Na hilo ni la jina langu lililotafunwa mara sita. Haya, chapa!"

"Mkubwa atangulie," akasema Chapchap, akasogea pembeni.

Zikatoka nakala tatu, zikatoka tatu, zikatoka tatu. Ikabaki dakika saba. Majabari watatu wakatoka mbio, barua vifuani, wakaingia ukumbi mrefu uelekeao ofisi, na hapo wakakutana na kikwazo ambacho hakuna jeshi lililowahi kukivuka: mwanamke wa usafi, amesimama katikati na mopu yake, na sakafu nyuma yake inang'aa maji.

"Mnakwenda wapi?" akauliza. "Hamuoni nimepiga deki?"

"Dada yangu, ni kufa na kupona!" akasema Mama Maabara.

"Kufeni huko huko kwenye pakavu. Au vueni viatu."

Wakavua viatu. Wakapita ukumbini miguu mitupu, kwa ncha za vidole, viatu mkono mmoja na hatima zao mkono wa pili, soksi moja ya Chapchap ikiwa na tundu. Karani alikuwa ameshika kitasa cha dirisha. Aliitazama saa ya ukutani, akawatazama miguuni, akasema, "Dakika mbili." Akagonga mihuri tisa, kisha akafunga.

Usaili ukafanyika siku ile ile, ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo shule nzima iliisikia. Akamwita Chapchap, akamsomea barua yake. "Umeandika hapa uliikarabati mashine."

Chapchap akavuta pumzi. "Mwalimu, hilo nimeliandika, lakini si kweli. Ni Bwana Gundi."

Akaitwa Mama Maabara. "Unasemaje kuhusu wenzako?"

"Mwalimu, wenzangu ni wazuri, lakini kazi naitaka mimi. Nikisema vingine nitakuwa nakudanganya. Nataka koti langu mwenyewe, lenye vifungo vyote. Ila ukiniuliza kama najua kitabu gani kiko rafu gani, nitakwambia nitamuuliza shemeji."

Akaitwa Bwana Gundi, naye akaeleza yote, kuponya na kuua, bila kuficha hata zile skrubu mbili. Mwalimu Mkuu akaiweka barua yake kando. "Na hiyo uliyoiweka chini ya trei ni nini?"

"Ni kadi, Mwalimu. Ya kuazima vitabu."

"Ya kitabu gani?"

Bwana Gundi alitazama dari. "Cha zamani, Mwalimu."

Saa nane mchana wakasimama watatu mbele ya meza. "Nimefikiri," akasema Mwalimu Mkuu. "Huyu Bwana Gundi nilitaka kumfukuza. Kisha nikajiuliza, nikimfukuza, nani mwingine katika shule hii anajua kitu gani kimewekwa chini ya kitu gani? Mkataba ni wake. Akiua kitu tena, aniambie kabla. Na Mama, koti utapewa, hilo halihitaji mkataba."

Chapchap akampa mkono, kama alivyotangaza Jumatatu, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Bwana Gundi akaushika kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Mashine ni yako. Na nyumbani kwenu hatutawaambia kitu." Mama Maabara alinuna. Kwa siku nne hakumwita shemeji, alimwita Mheshimiwa.

Sasa, mwaweza kudhani hadithi imefika ukingoni, mkaanza kutafuta viatu vyenu. Kaeni! Tendo la goti lilikuwa dogo. Kubwa linakuja.

Wenzake walipotoka, Bwana Gundi alisaini mkataba. Alisaini polepole, jina lake lote, lile la kwenye vyeti. Akaweka kalamu mezani. Mkono wake ukapanda kifuani, ukaushika ufunguo kupitia shati, na mtu yule aliyegeuka mlangoni mara tatu akasema, kwa sauti iliyotetemeka mwanzo ikanyooka mwisho, "Mwalimu, kuna kitabu. Cha kufuga nyuki. Kina picha za rangi. Uliomba wiki mbili."

Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akaivua. "Kipo," akasema. "Kipo nyumbani. Nilikuwa sijakimaliza."

Jumatatu asubuhi Bwana Gundi alikikuta juu ya meza yake, kimefungwa kwa gazeti, jalada zima, hata ukurasa mmoja haujakunjwa. Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama kando ya rafu, mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Basi nifutie jina," akasema. "Miaka mitano ni mingi. Likitoka hilo jina nitalala."

"Haiwezekani, Mwalimu."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Jina lako liko kwenye kadi. Kadi iko chini ya trei. Nikiitoa nilifute, shule haitachapa hata karatasi moja." Akaurekebisha ufunguo wake, sasa akiwa ameuvaa juu ya shati. "Kitabu nimekipokea, na nashukuru. Lakini kwa hesabu za maktaba, Mwalimu, bado unacho."

Mwalimu Mkuu akamtazama, na kicheko kikamtoka, kile ambacho shule haikuwa imewahi kukisikia. Jumatano ya juma lile Mama Maabara akaja na koti jipya, akakitaka kile kitabu, naye akaambiwa hakiwezi kutoka kwa sababu hakina kadi. "Basi, shemeji, nitakisomea hapa hapa," akasema, akavuta kiti, akakaa, na Bwana Gundi akaenda kumletea chai.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, na wasio nazo wakumbuke: shule ile imesimama mpaka leo juu ya kona ya kushoto, na kona ile imeshikiliwa na jina la Mwalimu Mkuu lililokunjwa mara mbili, na kitabu kimerudi na hakijarudi, na aliyeyatenda yote hayo ni mtu mmoja mwenye miwani ya uzi, ambaye jioni ya Ijumaa ile alifika nyumbani, mkewe akamtazama shingoni kabla ya usoni, akamwambia, "Haya, kaa ule." Wewe wa mlangoni, chai yako imepoa. Sasa waweza kwenda.